Sala ya Dakika Thelathini na Nane

Siku ambayo Anko Laurean alitaka kumfuta Bibi ili alete farasi, Beatha alikuwa amekaa kwenye kona ya ukumbi, laptop mapajani, anaandika muhtasari wa kikao. Hakuna aliyekumbuka kwamba yupo, na yeye alipenda iwe hivyo. Beatha ana miaka kumi na saba na sauti inayotosha kuomba chumvi. Darasani akiulizwa swali anajibu kwa nyusi. Kwenye basi yuko radhi apitilize kituo kuliko kumwambia mtu ampishe.

Kikao chenyewe kilikuwa cha harusi ya dada yake, Restuta, nesi, anayeolewa mwezi wa nane na Griffins, Mkenya anayeendesha basi. Na kwa Watanzania wa Walthamstow, hapa London, harusi haiendeshwi na wanaooana. Inaendeshwa na kamati. Wanaooana wanaandika karatasi ya wanachotaka, wanaipeleka kwenye kamati, halafu wanakaa nyumbani kusubiri kuambiwa watakachopata. Hata Baba, aliyemzaa bibi harusi, hana kura. Ukichangiwa unakaa kwenye kiti cha pembeni, unatabasamu, unasema asanteni.

Huu mfumo Beatha alikuwa ameshaukuta mahali pengine. Shuleni anasoma siasa, na Jumanne ilikuwa zamu yake kusimama mbele ya darasa dakika kumi aeleze Bunge la Marekani linavyopanga bajeti. Wiki nzima alikuwa anakariri kwa hofu ya siku hiyo. Lakini kitabu chenyewe kilimchekesha. Kumbe Rais wa Marekani, huyo anayetisha dunia nzima, kila mwanzo wa mwaka anaandika bajeti yake vizuri, anaipeleka bungeni, na wabunge wanaipokea kama vile wewe unavyopokea tangazo la pizza mlangoni. Wakipenda wanasoma. Hela ni zao. Bila sheria iliyopita kwa wawakilishi mia nne thelathini na tano, ikapita tena kwa maseneta mia, Rais hanunui hata ufagio. Na kazi yenyewe haifanywi na hao wote. Inafanywa na kamati ndogo kumi na mbili, kila moja na fungu lake, na humo ndani ndimo mambo yanamopona au kufa.

Aliposoma hapo alicheka peke yake ndani ya treni, mpaka mama aliyekaa naye akahama.

Maana kamati ya Anko Laurean nayo ilikuwa na kamati ndogo. Chakula, mapambo, usafiri, sare, ukumbi, na nyingine ya itifaki ambayo hakuna aliyejua inafanya nini ila ilikuwa na wenyeviti wawili.

"Ndugu wajumbe," Anko Laurean alisema Jumapili ile. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na skafu ya Simba. Huko kazini yeye ni fundi wa lifti, lakini akiwa kwenye kiti cha mwenyekiti ungesema ameapishwa. "Tarehe tatu, siku ya harusi, tunawapokea nani? Wakenya. Wakwe zetu. Mmesikia wanakuja na nini?"

Wajumbe wakatikisa vichwa.

"Mimi pia sijasikia. Hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo nimeleta pendekezo la marekebisho." Akainua simu yake juu, wote wakachungulia. "Farasi wawili. Weupe. Na gari lao la kukokotwa, la vioo. Bibi harusi anatoka kanisani, anapita sokoni kote, mpaka ukumbini."

Ukumbi mzima ukapumua kwa pamoja, kama watu walioonyeshwa mtoto mchanga.

"Sokoni Jumamosi?" akauliza Mama Koku, mweka hazina, mwanamke mpana mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. "Farasi wapite katikati ya vibanda vya soksi?"

"Mama Koku, wewe ni hesabu. Hii ni heshima."

"Heshima inakunya, Mwenyekiti. Nani atazoa?"

"Kamati ya usafiri," Anko akajibu bila kupepesa. Mzee Lusajo wa usafiri, aliyekuwa anasinzia, akafungua jicho.

"Na hela inatoka wapi?" Mama Koku akaendelea.

Hapo Anko Laurean akaweka simu mezani taratibu. "Kuna fungu moja tukilihamisha, linatosha kabisa. Tiketi ya Bibi kutoka Bukoba."

Vidole vya Beatha vikasimama juu ya laptop.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amenyimwa viza mara mbili, ya tatu ndiyo akapata. Parokia nzima ilishaambiwa. Alikuwa ameshanunua viatu vya kufunika vidole na kila jioni anavivaa uani afanye mazoezi. Jumapili zote Beatha humpigia, na Bibi ndiye mtu pekee duniani anayeongea naye saa nzima bila kutafuta mlango. Mara ya mwisho walipoonana Beatha alikuwa na miaka sita. Wiki iliyopita Bibi alikuwa amemuuliza kwa kunong'ona kama pale uwanja wa ndege wanapekua hadi kwenye sidiria, maana ana senene wake wa kukaanga anataka kuwasafirisha kwa njia ya kistaarabu.

"Si kwamba tunamkataa Bibi," Anko alisema. "Ataangalia kwenye simu. Live. Atauona uso wa bibi harusi kwa ukaribu kuliko sisi tutakaokuwa nyuma ya nguzo."

Beatha akamtazama Baba. Baba alikuwa na tabasamu lile la pembeni, lile la asanteni. Mama alikuwa zamu hospitalini. Kwa hiyo hapakuwa na wa kusema.

Na kura zilishahesabiwa. Beatha aliona, kwa sababu kazi ya kuandika muhtasari ni kuona. Chakula walikuwa wameahidiwa mbuzi wa nyongeza. Mapambo walipewa taa ya kuning'inia. Sare walikubaliwa kitenge cha bei mbaya walichonyimwa kikao kilichopita. Itifaki nao walipewa redio za kuongelea, za masikioni, wakafurahi kama watoto. Kila mtu na kijizawadi chake ndani ya pendekezo moja, kwamba ukitaka taa yako, beba na farasi. Ilikuwa kwenye kitabu chake, ukurasa mzima. Mbunge wa jimbo fulani hataki mswada, anawekewa daraja kijijini kwao, kesho yake anausifia kwenye televisheni. Kura kumi na tano ukumbini, Anko alikuwa na kumi na moja.

Lakini katiba ya kamati, ambayo Anko aliiandika mwenyewe kwa mkono wake na kuigonga muhuri wa duka la picha, ilisema hiki ndicho kikao cha mwisho cha bajeti. Baada ya hapa Mama Koku analipa kila kitu kama kilivyoandikwa. Tiketi ya Bibi ilikuwa imeshikiliwa na Ravi, Mhindi wa Kisumu mwenye ofisi ya safari kule Queensbury, na alishasema mwisho wake ni kesho asubuhi. Saa kumi na mbili kamili ukumbi ulikuwa unachukuliwa na watu wa zumba, wale wa mazoezi ya kucheza muziki. Saa ya ukutani ilikuwa inasema kumi na moja na dakika ishirini na mbili.

"Haya," Anko akapiga makofi mawili. "Tusali kidogo, tupige kura, twende. Mtoto wetu Beatha atuongoze."

Katika kamati ile hela haipigiwi kura bila sala. Ni desturi tangu harusi ya kwanza, ile ambayo keki ilianguka. Na kila mara Anko humtaja Beatha, kwa sababu eti sala ya mtoto haikai foleni, na kila mara Beatha hutikisa kichwa akitazama viatu vyake, na Mama Koku hufunga kwa sekunde thelathini.

Usiku uliotangulia Beatha alikuwa amesoma kuhusu Seneti. Kule, seneta akiona kura zimemshinda, anasimama tu na kuanza kuongea. Anaongea chochote. Maadamu anaongea, kura haipigwi. Hakai, haendi chooni. Kuna aliyeongea zaidi ya saa ishirini na nne. Mwingine aliwasomea wenzake mapishi ya chaza. Kumnyamazisha lazima wapatikane sitini kati ya mia, na hao sitini ni kazi kuwapata. Ndiyo maana kwa baadhi ya mambo ya bajeti walijiwekea njia ya mkato yenye saa maalumu, mtu asiwaue kwa maneno. Watu wazima, wenye mishahara, na ndiyo kazi yao.

Anko Laurean hakuwa na njia ya mkato kwenye katiba yake. Aliandika kuhusu faini za kuchelewa, kurasa tatu.

Beatha akafunga laptop, akasimama. Mama Koku, aliyekuwa ameshaanza kuinuka, akakaa tena na kuvaa miwani ili aone vizuri.

"Tuinamishe vichwa," Beatha akasema, kwa sauti ya chumvi. "Tufumbe macho."

Wote wakafumba. Na hapo akagundua kitu ambacho kingemsaidia miaka yote kama kuna mtu angemwambia. Watu ishirini ndani ya chumba, na hakuna hata jicho moja linalomtazama. Kifua kikafunguka kama dirisha. Nyumbani Baba akimsemesha Kiswahili yeye hujibu Kiingereza, lakini sala zake zote ni za Kiswahili, amefundishwa na Bibi kwa simu, Jumapili kwa Jumapili.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," alisema. "Tuanze na Rozari."

Kuna mtu akavuta pumzi kwa pua.

"Fupi, mwanangu," Anko Laurean akanong'ona.

"Matendo ya utukufu," Beatha akasema, "kwa vile leo ni Jumapili."

Sasa, Mkatoliki wa Kagera unaweza kumzuia kufanya mambo mengi, lakini ukianza Salamu Maria mbele yake atamalizia tu, hata akiwa usingizini, hata akiwa anadaiwa kodi. Kumi la kwanza likaenda. La pili likaenda. Beatha alikuwa na mwendo wa Bibi, ule wa polepole, wa mtu anayechambua mchele. Kwenye kumi la tatu Mzee Lusajo akaanza kukoroma na bado akawa anaitikia.

Rozari iliisha saa kumi na moja na dakika arobaini na tatu.

"Am..." Anko akaanza.

"Litania ya Watakatifu wote," Beatha akasema.

Akamwita Petro, akamwita Paulo, akamwita Andrea, wote wakaitikia utuombee, utuombee, kama injini ya jenereta. Akawaita mashahidi wa Uganda mmoja mmoja, kwa kuwa ni majirani. Wachache aliwarudia mara mbili, na hakuna aliyethubutu kusema huyu ameshapita.

"Amina," Anko akasema kwa nguvu, alipoona Beatha anavuta pumzi. Vichwa vikaanza kuinuka. Kope zikaanza kupepesa.

"Na sasa maombi," Beatha akasema haraka. Vichwa vikarudi chini. "Mwenyekiti amesema tusipige kura ya hela bila kusali, kwa hiyo tumwombee kila mtu ambaye hela inamhusu."

"Ni kweli alisema," Mama Koku akaunga mkono, macho yamefumbwa kabisa.

Saa kumi na moja na dakika hamsini. Watakatifu walikuwa wamekwisha. Kichwani mwa Beatha kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu alichokuwa amekikariri wiki nzima, zile kamati ndogo kumi na mbili za Bunge la Marekani.

"Tuwaombee wakulima, na wote wanaoshughulika na chakula na dawa. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

"Tuwaombee wafanyabiashara, na mahakimu, na wanasayansi. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

"Tuombee ulinzi. Ee Bwana." Akangoja kidogo, kama Bibi anavyongoja. "Tuwaombee watu wa nishati na maji. Ee Bwana."

"Mtoto ana moyo huyu," mama mmoja wa mapambo akanong'ona. "Hadi watu wa maji."

Akawaombea wanaosimamia mabenki na kodi. Akaombea mipaka ya nchi, hapo watu wakaitikia kwa bidii kweli, kila mmoja na viza yake moyoni. Akaombea misitu na mbuga. Akaombea wafanyakazi, hospitali na shule. Akawaombea askari waliostaafu na nyumba zao, na Mzee Lusajo, aliyekuwa jeshini ujana wake, akazinduka na kuanza kulia machozi ya kweli. Akaombea mabalozi. Akaombea barabara, treni, na wapangaji.

Zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na mbili ikagoma kuja.

Akatafuta. Hakuna. Aliusikia mshale wa saa ukutani. Akafungua macho kidogo na kumwona Anko Laurean naye ana jicho moja wazi, linamtazama, na kifua chake kinajaa hewa kwa ajili ya Amina ya mwisho. Saa kumi na moja na dakika hamsini na nne.

Ndipo Mama Koku alipoanzisha wimbo.

Hakuanza kwa unyenyekevu. Alianza juu kabisa, wimbo wa Mama Maria ule wa beti sita, na kina mama wa chakula wakaingia na sauti ya pili kabla hawajajua wanafanya nini. Mlango ukafunguka. Gurpreet, mwalimu wa zumba, akaingia na spika yake yenye magurudumu na viatu vya rangi ya machungwa, nyuma yake wanawake kama ishirini wenye suruali za kubana. Walipoona watu wameinamisha vichwa, nao wakasimama, wakainamisha. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akakunja viganja kifuani kwa dini yake.

Kwenye ubeti wa tano Beatha akaikumbuka. Alikaribia kucheka.

"Mwisho," alisema, wimbo ulipotua, "tuliombee Bunge lenyewe, ambalo pia linajipangia hela zake lenyewe. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakasema wote, na baadhi ya watu wa zumba.

"Amina."

Saa kumi na mbili kamili. Gurpreet akabonyeza spika na ngoma zikajaa ukumbini.

"Mikono juu haraka," Anko Laurean akapaza sauti juu ya muziki. "Wanaokubali farasi, mikono juu."

Watu wa zumba ishirini wakainua mikono, kwa kuwa ndiyo hatua ya kwanza. Wajumbe walikuwa wanatafuta makoti. Nusu yao ni manesi na makea wanaotunza wazee, na zamu ya usiku haimjui Mwenyekiti. Mzee Lusajo alishafika mlangoni, bado anajifuta macho.

"Akidi ni kumi," Mama Koku akasema. "Naona saba, na mmoja ni Gurpreet."

"Tunakutana kesho basi."

"Kifungu cha tisa, taarifa siku saba kabla. Kifungu cha kumi na moja, kikao kikiisha bila kura, bajeti iliyopitishwa mwanzo inaendelea. Mwandiko ni wako, Laurean. Hata hii koma ni yako."

Beatha akawaza kwamba Marekani hapo wangekuwa wamefunga ofisi na kuwarudisha watu nyumbani, au wamepitisha kijisheria cha muda cha kuendelea na viwango vya zamani mpaka wapatane. Walthamstow walikuwa mbele kidogo. Mama Koku alishatoa simu, analipa palepale, anasoma namba kwa sauti juu ya zumba. Jibu la Ravi likaja kabla hajaivua miwani: *Tayari mama. Kiti cha dirishani. Mwambie avae soksi.*

Baba alisogea karibu. Alimshika Beatha kichwani, akakibonyeza kidogo kama mtu anayejaribu tikiti maji, halafu akaenda kusimama ukutani akipiga chafya ambazo hazikuwa chafya.

Nje, kwenye ngazi, Anko Laurean alikuwa anamngoja. Beatha akatazama viatu vyake.

"Kaa hapa," Anko akasema. Akakaa. Anko naye akakaa, na suti yake. "Ulivyokuwa unaombea mabenki na mipaka. Hizo ni nini?"

"Kamati za Bunge la Marekani," Beatha akasema, kwa Kiswahili, akajishangaa. "Za bajeti. Ziko kumi na mbili."

"Na kule mtu akiongea hivyo bila kukoma, wanamwacha?"

"Mpaka wapate kura sitini."

Anko Laurean akaitafakari hiyo. Basi likapita. "Anaruhusiwa kwenda chooni?"

"Hapana."

"Nilijua." Akatingisha kichwa kwa heshima. "Maana mimi kuanzia Mtakatifu Andrea nilikuwa na hali mbaya." Akakung'uta suti yake. "Mwakani kuna harusi ya kijana wetu Collins. Utakuwa upande wangu."

Beatha akainua nyusi.

"Sawa, tutaongea. Lakini kura yangu ya leo sikuipiga, si ndiyo? Ningeweza kuwafuata watu mpaka kwenye basi, na sikuwafuata. Hilo ni jambo la kurudishiwa." Akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mwambie Bibi. Senene, kilo mbili. Za kwangu, siyo za kamati."

Jumatatu usiku Beatha akamalizia muhtasari. Akaandika majina, akaandika mbuzi, taa, redio za itifaki, akaandika pendekezo la farasi kwa maneno ya Mwenyekiti mwenyewe. Chini yake akaandika: *Agenda ya tano. Sala. Dakika thelathini na nane. Ilipita bila kupingwa.*

Na Jumanne, alipoitwa mbele ya darasa, alisimama na karatasi zake, watu ishirini na sita wakimtazama. Akakohoa.

"Kabla sijaanza," akasema, "naomba wote mfumbe macho."